Momiji wa Dirishani kwa Baba

Sayoko alizungusha kamba ya mabua ya mpunga kwenye shina, kisha vidole vikamgomea. Kwenye shamba hili la miti, ukishafunga fundo, mti ni wako.

"Funga, binti!" mwenye shamba alimhimiza. "Au unangoja mti ukubusu kwanza?"

Ulikuwa momiji, mti ambao majani yake hugeuka mekundu wakati wa vuli, wa kimo cha dari, matawi yake yametanuka kama kipepeo. Baba yake Sayoko, aliyepanda bustani za watu maisha yake yote, sasa alikuwa hainuki godoroni. Daktari hakuahidi zaidi ya vuli. Naye baba aliomba momiji mmoja nje ya dirisha, auone ukiwa mwekundu. "Chagua wewe," alisema. "Nitajua kama ulikuwa unanisikiliza nilipokufundisha miti."

Sayoko alipiga magoti akafukua theluji na udongo wa baridi. Akagusa mzizi mmoja mnene, usio na vijizizi, laini kama bomba. Haukuwahi kukatwa ili uchipue vijizizi vya kuuvumilia uhamisho. Mti huu ungekauka kabla ya vuli.

"Na ule uliopinda kule pembeni," aliuliza, "mizizi yake mliikata?"

"Tangu mwaka juzi. Lakini wateja wote wanaukimbia. Utampelekea mgonjwa kibiongo?"

Sayoko aliuendea, akaufukua. Vijizizi vilimshika vidole kama nywele. Bado alihofia baba angeuonaje. Akajilaza kwenye theluji, shavu chini, kama baba yake alivyolala.

Kutoka pale, shina lilikuwa limemwinamia.

"Mzee," alisema bila kuinuka, "itoe kamba kwenye ule mti wa kwanza uniletee."