Wa Kumwinua

Wanaume wenye ukuhani walisimama mduara mbele ya kanisa, mkono mmoja begani mwa jirani, mwingine chini ya mtoto mchanga, wakimbembeleza huku Askofu akimpa jina na baraka. Atupele, mama wa mtoto, alikaa benchi la mbele, peke yake.

Tangu mimba yake ionekane, naye hana mume, Askofu alikuwa akimwambia kwa upole, "Dada, mtoto anastahili baba na mama waliofungishwa ndoa hekaluni. Wapo wanandoa wanaosubiri kumchukua wamlee." Naye kila mara alijibu, "Nimekusikia, Askofu. Nitamlea mwenyewe." Baba mzazi wa Atupele aliacha kukaa benchi moja naye.

Baraka ikaisha, wakaitikia amina. Hapo ndipo baba wa mtoto humwinua juu ili waumini wamwone. Wanaume wakatazamana. Askofu akabaki na mtoto kifuani, hajui ampe nani.

Atupele akanyoosha gauni lake, akaenda mbele bila kuharakisha.

"Naomba mwanangu, Askofu."

"Dada, kwa kawaida ni baba ndiye..."

"Najua. Wa kumwinua huyu ni mimi."

Askofu akamtazama kidogo, kisha akampa.

Akamwinua juu ya kichwa chake, mikono imenyooka, shali nyeupe ya mtoto ikining'inia. Mtoto akapiga mwayo. Atupele hakumshusha upesi, kwa sababu kule benchi la nyuma kabisa baba yake alikuwa amesimama, ameshika miwani yake, anaipangusa ili aone vizuri.