Kipimo cha Kuazima

Verna hakukusudia kuona. Kidole kiliteleza, kiganja kikaondoka juu ya kioo cha kipimo, na namba zikawaka nyekundu mbele yake: mia mbili na kumi na nne kwa mia moja ishirini na sita. Akazizima upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mwenzake ndani.

Kipimo kile cha presha kilikuwa mali ya maktaba. Watu wa mji waliviazima vipimo hivyo kama vitabu, wiki tatu, bila malipo. Mpango huo aliuleta Verna mwenyewe, baada ya mzee Harald, aliyekuwa akisoma magazeti pale dirishani kila asubuhi, kuanguka na kufa langoni kwake akizoa theluji, koleo mkononi. Miaka yote ile walimkaribisha kwa kahawa, na hakuna aliyejua kuwa anaumwa presha. Jambo hilo bado lilimuuma Verna.

Kipimo kikirudi, kazi ya kwanza ni kufuta namba zilizobaki ndani, na Verna huzifuta akiwa amefunika kioo. Katika maktaba ile haijatokea mtu kuambiwa jirani yake anasoma nini, seuze damu yake inakwendaje. Hata anapomwelekeza mwazimaji, akijifunga mkanda mkononi mwake mwenyewe na kuuacha ujae upepo, bado kiganja hukaa juu ya kioo. Watu humcheka. Naye hujibu kuwa mkono umeshazoea, hausikii tena la mtu.

Hiki kilitoka kwa Einar Tollefson, mjane wa miaka themanini na ushee, anayeishi peke yake shambani nje ya mji. Alikuwa amekidumbukiza alfajiri kwenye kisanduku cha kurudishia, akaondoka bila kuingia. Einar hakuwa mtu wa kupita maktaba bila kahawa na mzaha.

Alimkuta mkuu wake, Gretchen, akitandika mikeka kwenye chumba cha mikutano. Ilikuwa Jumatano, saa ya afya ya wafanyakazi.

"Nesi wa kutupima yuko njiani," Gretchen alisema. "Leo usinitoroke, dada."

"Lazima mtu abaki mezani."

"Na kila Jumatano mtu huyo ni wewe. Utaota mizizi kitini."

"Gretchen, kuna msomaji wetu presha imempanda vibaya. Huyu hafiki Jumapili."

"Amekwambia?"

Verna akainama kunyoosha ncha ya mkeka.

"Umechungulia," Gretchen alisema polepole. "Wewe, Verna, uliyetufundisha sote kufumba macho."

"Kidole kimeteleza."

"Basi na ulimi usiteleze. Tukianza kuwafuata watu majumbani na siri zao, kesho nani ataazima? Na bodi ikisikia, kazi huna."

Verna alirudi mezani, akapiga simu kwa Einar. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Nje theluji ya usiku ilikuwa imefika magotini, na Einar ni mmoja wa wale wazee ambao ukiwaambia watafute kijana wa kuwazolea, wanakuuliza kwani wewe umewaona wamekufa? Liwalo na liwe. Alichukua koti.

Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu asubuhi, kwa sababu ya zile taa mpya, alivyoamini, na mwanga wa theluji ukamchoma macho hadi barabara ikawa mbili. Aliendesha gari kwa kukisia, akimwomba Mungu asimkute mzee amelala kama Harald.

Njia ya kwa Einar ilikuwa imezolewa nusu. Koleo lilikuwa chini, limetupwa kando. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kidogo, upepo ukiusukuma.

"Mzee Einar?"

Verna alipanda ngazi akihema, akajishika ukutani, akaingia jikoni. Kikombe cha kahawa kilikuwa mezani, kimejaa, kinafuka moshi. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma. Nimechelewa, aliwaza.

Kitu kikadondoka kwa kishindo huko chini ya nyumba. Kisha mlango wa kushukia ghalani ukafunguka kwa teke, na Einar akatokea na mzigo wa kuni, mashavu mekundu, akipiga mbinja.

"Ala, maktaba imehamia kwangu?"

"Weka kuni chini, mzee wangu. Kaa. Kaa kwanza, nakuomba."

Einar alikaa kwa mshangao. "Kama ni kwa kutoingia asubuhi, nilivaa viatu vya zizini. Niliona aibu kuchafua zulia lenu."

"Mbona simu hupokei?"

"Wanaonipigia ni wauza bima tu. Binti, mbona umepauka hivyo?"

Verna alimshika bega. "Nimekukosea, na ukitaka kunishtaki kwa bodi unishtaki. Nimeziona namba zako. Zinatisha, mzee Einar. Twende hospitali sasa hivi, gari linanguruma nje."

"Namba zipi?"

"Zilizobaki kwenye kipimo."

Einar alimtazama, kisha akaanza kucheka, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Masikini, umekuja bure. Binti yangu aliyeko mjini Duluth ndiye hunilazimisha kuazima. Nikimwambia kipo mezani, anatulia. Ule mkoba wa kipimo ulinifungia zipu wewe mwenyewe, ulipokwisha kujipima ukinionyesha, na mimi sijaigusa mpaka leo."

Verna akamwomba ampishe kwenye kiti.