Namba Juu ya Unga

"Haigawanyiki!" Lyuben alimwambia mkewe, akimwonyesha namba aliyoiandika kwa kidole kwenye unga uliotapakaa mezani: 70,158,295,317. "Ni namba tasa kabisa. Kesho naipeleka chuoni, watoe macho wale vijana walionistaafisha."

"Umenichezea unga wa mkate wa banitsa, profesa," mkewe alimtania.

Lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kujumlisha tarakimu. Ulikuwa mchezo wa uchumba wao, Lyuben alimfundisha kwa tiketi za tramu: jumla ikigawanyika kwa tatu, namba nzima inagawanyika kwa tatu.

Arobaini na nane.

Tatu mara kumi na sita. Akajumlisha tena, polepole. Arobaini na nane.

Juzi Lyuben alipopotea akitoka sokoni, mkewe alijiambia ni baridi tu iliyomchanganya.

"Mbona unaikodolea macho? Nimekosea?" Lyuben aliuliza. Kidole chake kilikuwa cheupe kwa unga.

"Wewe ukosee, mzee wangu?" Mkewe akalibwaga donge la unga juu ya namba, akaanza kukanda kwa nguvu. "Ila kesho chuo kimefungwa."

"Basi keshokutwa."

Lyuben akatafuta pembe ya meza iliyobaki na unga, akaanza kuiandika upya namba ile ile. Safari hii ilianza na nne.