Akaunti ya Wakiuru

Nafasi zilizobaki ni mbili, tableti ilimwambia Lynn. Akikosea zote, akaunti ya mtoto ingefungwa hadi kesho, na kesho ilikuwa mbali mno.

Ng'ambo ya kaunta alisimama Mwai, jasho likimtoka asubuhi hiyo ya baridi, na mkononi ameshika dawa ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo. Alikuwa ameingia nayo katika duka la Lynn la kutengeneza simu, pale karibu na soko la Karatina, akasema binti yake wa miaka saba hajulikani aliko tangu Jumatatu. Leo ilikuwa Jumatano.

"Alienda bila hii," alisema, akiiweka dawa juu ya kaunta. "Sasa akishikwa na kifua, nani atajua cha kufanya?"

Lynn naye ana mtoto wa kifua kibaya. Alisukuma kando simu tatu alizokuwa akizitengeneza. Wenyewe wangengoja.

Kazi yenyewe ilieleweka. Mtoto alikuwa ametoka nyumbani na tableti yake mpya, na hii ya zamani ilitumia akaunti ileile. Lynn akifaulu kuingia katika akaunti hiyo, ramani ingeonyesha ile nyingine iko wapi. Tayari walikuwa wamejaribu tarehe ya kuzaliwa, ikakataa.

"Password aliweka nani?" Lynn aliuliza.

"Mama yake. Na simu yake haishiki."

"Polisi wanajua?"

"Polisi watanikalisha kwa benchi mpaka jioni. Wacha tumpate kwanza."

Lynn hakubisha. Benchi hilo analijua. Akabonyeza mahali pa aliyesahau neno la siri, na likatokea swali ambalo mama wa mtoto aliliandika mwenyewe: Nyanya unayempenda anaitwa nani?

"Watiri," Mwai alisema upesi. "Huyo ni mama ya mke wangu. Lazima ameweka mama yake."

Tableti ikakataa. Nafasi iliyobaki ni moja.

Mwai akapiga kaunta kwa ngumi, kisha akaomba msamaha. Lynn hakumlaumu. Alitazama jina la mtoto juu ya kioo, Wakiuru, akalitazama tena.

"Mama yako wewe anaitwa nani?"

"Wakiuru. Lakini hiyo si ni jina ya mtoto? Iko hapo juu, kila mtu anaiona."

"Mtoto ni first born?"

"Ndio."

Nyumbani kwao Lynn huitwa Gathoni, jina la mama wa baba yake, kwani kwao binti wa kwanza hupewa jina la nyanya huyo, na tangu akiwa mchanga aliambiwa kwamba yeye na shosho wake huyo ni mtu mmoja. Hata leo ukimwamsha usingizini umuulize nyanya yake nani, atakujibu kabla ya kufungua macho. Mama anayetaka mtoto wa miaka saba asisahau jibu angechagua jina gani lingine? Aliliandika herufi moja moja, akavuta pumzi, akabonyeza.

Akaunti ikafunguka.

Ramani ilisuasua, kisha kidoti cha buluu kikatulia Wang'uru, nyuma ya kinu cha mchele. Hakikusogea hata kidogo, na kutosogea kule kulimtisha Lynn.

"Kimbia," alisema. "Ukienda vizuri ni kama saa moja."

Mwai aliikodolea macho ramani bila kupepesa, akanyakua tableti, akatoka. Dawa ilibaki kwenye kaunta. Lynn alikimbia nayo barabarani, akimpungia Mwai mkono, lakini gari lilikuwa limekwisha kukata kona. Maskini, aliwaza, mtu akichanganyikiwa husahau hata kile alichokuja nacho. Alirudi dukani akimwombea afike kabla mambo hayajaharibika.

Wakati huohuo, katika chumba kimoja huko Wang'uru, Wakiuru alimsomea mama yake, Waithira, maneno yaliyotokea kwenye tableti: "Akaunti yako imefunguliwa kwenye kifaa kingine, Karatina." Waithira akazima jiko, wali ukiwa haujaiva, akachukua begi ambalo hajawahi kulifungua tangu wahamie hapo, na kwa mara ya tatu mwaka huu akamwambia binti yake avae viatu.