Tuta la Mchicha

Siku hizi mtu hapewi mche wa mti ambao hataishi kula matunda yake. Maji hayatoshi kumwagilia miti ya kuachia wengine. Mtambo wa kuchora ramani ya ua wa nyumba hupima damu ya wenye nyumba, kisha huamua kila mmoja apande nini, na ukishaamua haubembelezwi.

Zamda hakuwa na wasiwasi. Alishajichagulia kona ya mlimau, na chini yake kibaraza cha kunywea chai na mumewe, Mbaraka. Mchoro ulipotokea ukutani, upande wa Mbaraka ulijaa minazi na michungwa. Upande wake yeye ulikuwa mtupu, ila tuta moja la mchicha.

"Mtambo huu umekosea, Mama Neema," Mbaraka alisema. "Omba mpapai. Mpapai hauchukui hata mwaka."

Zamda akaomba mpapai. Mtambo ukakataa kwa upole, ukamwonyesha tena lile tuta.

Mbaraka alichukua jembe akatoka. Alilima na kulima, hata pale palipokwisha kulainika. Zamda akamfuata, mbegu zikiwa kiganjani.

"Mchicha unachukua muda gani?"

"Wiki tatu. Nne."

"Basi lete maji, Baba Neema. Tupande sasa hivi."