Pumzi ya Tarumbeta

Mchana ule joto lilikuwa limeunyamazisha mji. Shekue, aliyepiga tarumbeta harusini tangu ujana wake, aliketi barazani na tarumbeta mapajani. Daktari alikuwa amemkataza kuipuliza tena; mapafu yamechoka.

"Zuhena, nyie watu wa hali ya hewa mnajua," alimwambia binti yake. "Pumzi zangu zote zimekwenda wapi?"

Zuhena alitazama wingu la mvua lililokuwa likipanda nyuma ya mapaa. "Nyingi zimebaki huku huku chini, baba. Chache hubebwa na wingu kama lile. Kisha hupanda polepole, miezi mingi, zikavuka penye baridi kali hadi kwenye anga isiyonyesha mvua. Huko hukaa miaka."

Mzee akainyanyua tarumbeta.

"Baba, daktari alisema..."

"Mara moja tu, mwanangu."

Zuhena hakumzuia. Alimshika mgongo, akausikia ukitetemeka. Sauti ilitoka nyembamba, ikakwaruza, kisha ikatulia na kurefuka. Majirani walisimama milangoni. Ilipokwisha, mzee alihema huku akitabasamu, na upepo uliokuwa umelala ukaanza kuyavuta mapazia ya mtaa mzima kuelekea lile wingu.