Sketi ya Manjano

Fsss, fsss. Mlio wa taa za gesi ulipenya pazia la jukwaa, na mama mshonaji akasimama kuusikiliza.

Alikuwa ameshika sketi mbili. Moja ilichovywa dawa ya kuzuia moto, ikakakamaa na kugeuka manjano. Ya pili ilikuwa nyeupe, nyembamba hivi kwamba aliona mistari ya kiganja chake kupitia kitambaa.

"Vaa hii ya dawa, mwanangu. Mchezaji mwenzako wiki iliyopita aliikataa. Alizunguka mara moja tu karibu na taa, akaungua sote tukimtazama."

Binti yake, ambaye mji mzima ulimwita Unyoya, alikuwa akifunga riboni za viatu. Ndiye wa kwanza kucheza dansi nzima juu ya ncha za vidole vya miguu, na wasichana wa kila shule ya baleti walimwiga hata anavyopiga chafya.

"Hiyo, Mama? Nitafanana na gunia la unga. Unyoya gani huo?"

"Afadhali gunia linalorudi nyumbani. Asiyesikia la mkuu..."

"Jukwaani mkuu ni mimi."

Kengele ililia. Unyoya akaichomoa ile nyeupe, akaivaa haraka. Mama alimshika kiuno, vidole vikakataa kumwachia. Binti akaviondoa kimoja kimoja, taratibu, kama anayemvua mtoto pete.

"Usinililie, Mama. Leo wamekuja wakubwa watupu. Kesho nitavaa ya kwako, haki ya Mungu nakuahidi."